Kumkopea mwenzi gari Nairobi: majina matatu ya kupanga kabla ya kutia sahihi

Mke ana duka Gikomba, biashara inaenda vizuri, lakini hana hati ya mshahara. Mume ameajiriwa na mshahara wake hupitia benki kila mwisho wa mwezi. Au ni wachumba wawili wa Kasarani: mmoja rekodi yake ya CRB, kampuni zinazotunza historia ya mikopo ya watu, imechafuka kwa mikopo ya simu, mwenzake ni safi. Gari litakuwa la mmoja, mkopo utatoka kwa jina la mwingine.

Si kosa kukopa ununue gari litakaloendeshwa na mwenzi wako, mradi benki na kampuni ya bima zimeambiwa ukweli kuhusu nani ataliendesha na kwa kazi gani. Balaa hutoka kwenye karatasi. Gari la mkopo lina majina matatu: lililo kwenye mkopo, lililo kwenye logibuku (hati ya usajili wa gari), na lililo kwenye bima. Wengi hupanga la kwanza tu, mengine wakayaacha yajipange yenyewe. Tutayafuata yote matatu, kisha tuongeze karatasi ya nne ambayo benki haiiombi: mkataba wenu ninyi wawili.

Jina kwenye mkopo

Ukishatia sahihi, deni ni lako peke yako. Benki haitamfuata mwenzi wako hata kama yeye ndiye anayeliendesha gari kila asubuhi kutoka Ruaka hadi mjini. Mkiachana, rejesho la mwezi unaofuata litakatwa kwenye akaunti yako kama kawaida. Makubaliano yenu ya nyumbani hayaifungi benki, kwa sababu benki haikushiriki katika makubaliano hayo.

Mkopo ukikaa siku 90 bila kulipwa huhesabiwa kuwa umekwama, na jina linalopelekwa CRB kama mdaiwa mbaya ni lako. Hata baada ya kulimaliza deni hilo, rekodi ya kwamba lilikwama hubaki miaka 5 tangu siku ulipolimaliza. Katika miaka hiyo, kila unapoomba mkopo wa kiwanja, nyumba au karo, afisa ataiona.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana haraka: mkopo huu unakula nafasi yako ya kukopa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inasema makato yote kwenye mshahara yasizidi theluthi mbili, na benki hutumia kipimo hicho hicho. Chukua mshahara wa KSh 120,000. Ni lazima zibaki KSh 40,000 mkononi. Kodi, SHIF (bima ya afya), NSSF (akiba ya uzeeni) na tozo ya nyumba zinachukua karibu KSh 35,000. Ukiwa na makato ya sacco (chama cha akiba na mikopo) ya KSh 20,000, nafasi iliyobaki ya rejesho ni KSh 25,000. Kama mwaka ujao mmepanga kukopa mjenge Kitengela au Juja, amueni leo kipi kitangulie. Gari la mwenzi linaweza kuifunga nafasi hiyo kwa miaka minne.

Kabla ya kwenda mbali, kila mmoja wenu achukue ripoti yake ya CRB. Kampuni zenye leseni ni tatu, Metropol, TransUnion na Creditinfo, na una haki ya ripoti moja ya bure kwa mwaka. Mbadilishane ripoti, mketi mzisome pamoja. Kama sababu ya kukukopesha wewe ni kwamba mwenzi wako amenyimwa, ni haki yako kujua amenyimwa kwa nini. Mikopo miwili ya simu ya KSh 3,000 iliyosahaulika ni jambo la kulipwa wiki hii na kusafishwa. Mkopo wa benki wa KSh 600,000 uliokwama mwaka jana una maana kwamba mtu huyu tayari alishindwa na rejesho kama hili, na wewe ndiwe utakayelibeba. Mwenzi anayekataa kuonyesha ripoti, usimkopee.

Njia tano, na ipi ya kuchagua

Ya kwanza ni mkopo wa pamoja. Nyote wawili mnatia sahihi, mapato yenu yanajumlishwa, na logibuku inaweza kubeba majina yenu pamoja na la benki. Kwa wanandoa wenye mapato yote mawili, hii ndiyo tunayoipendekeza kwanza. Elewa jambo moja tu: kila mmoja anadaiwa deni lote, si nusu yake. Mmoja akitoweka, benki itamdai aliyebaki mpaka shilingi ya mwisho.

Ya pili, mwenzi akope mwenyewe nawe uwe mdhamini. Inafaa pale mapato yake yapo lakini hayana historia. Faida yake ni kwamba rekodi nzuri ya malipo inajengwa kwa jina lake, na baada ya miaka michache hatamhitaji mtu. Dhamana ni lazima iwe kwa maandishi na sahihi. Soma kama inahusu mkopo huu tu au mikopo yake yote ya baadaye. Maneno kama “madeni yote ya sasa na yajayo” yakatae.

Ya tatu, wewe ukope na gari lisajiliwe kwa jina lako na la benki, mwenzi alitumie. Hapa anayebeba deni ndiye anayeshika mali. Ikibidi ukope peke yako, tumia hii.

Ya nne ndiyo inayowaumiza watu: kuchukua mkopo wa kibinafsi usio na dhamana, kwa mshahara wako, kisha kununua gari kwa jina la mwenzi moja kwa moja. Ni rahisi, pesa huingia kwa siku chache, hakuna mthamini wala kifaa cha kufuatilia gari. Lakini deni ni lako na gari ni lake. Anaweza kuliuza kesho asubuhi bila kukuuliza, nawe ukaendelea kukatwa miezi 48. Hiyo tuiite zawadi, na uichague tu kama kweli unatoa zawadi.

Ya tano ni sacco. Nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba ya mwanachama, kwa riba ya salio linalopungua, yaani inayohesabiwa kwenye deni lililobaki tu, na hazichukui logibuku kama wadhamini wanatosha. Hatari yake iko kwa wadhamini: ukishindwa, akiba ya wenzako wa kazini inaliwa kulipia gari la mtu wasiyemjua. Waambie kabla hawajatia sahihi.

Wasiotaka riba kwa sababu ya dini wana njia ya murabaha katika benki zinazofuata sharia, kama Gulf African Bank: benki inanunua gari, kisha inakuuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa tangu mwanzo. Yote yanayosemwa hapa kuhusu majina yanabaki vile vile.

Hesabu halisi

Gari la KSh 1,250,000, mmelipa asilimia 20, yaani KSh 250,000, na mnakopa milioni moja kwa miezi 48 kwa riba ya asilimia 16. Uliza swali moja kabla ya mengine: riba inahesabiwa kwenye salio linalopungua, au kwenye mkopo wote mpaka mwisho?

Kwenye salio linalopungua, rejesho ni karibu KSh 28,340 kwa mwezi, na jumla utalipa kama KSh 1,360,000. Kwenye mkopo wote, riba ni KSh 160,000 kila mwaka kwa miaka minne. Jumla inakuwa KSh 1,640,000 na rejesho KSh 34,167. Asilimia ni ile ile 16 kwenye bango, tofauti ni zaidi ya KSh 279,000. Wakopeshaji wengi wadogo, na baadhi ya yadi za magari za Ngong Road na Kiambu Road zinazouza kwa awamu, huhesabu kwa njia ya pili. Wengine hutaja riba ya mwezi, “asilimia 3 tu”. Zidisha kwa 12 kabla ya kufurahi.

Ongeza ada ya kushughulikia mkopo, ambayo huwa asilimia fulani ya mkopo. Ikiwa ni 2.5, hapo ni KSh 25,000. Kuna pia uthamini, usajili wa dhamana, bima ya maisha ya mkopo, kifaa cha kufuatilia gari pamoja na ada yake ya kila mwaka, na bima kamili ya gari. Omba jedwali la marejesho na jumla ya gharama ya mkopo kwa maandishi, kwa shilingi, kisha ulinganishe benki mbili au tatu kwa jumla hiyo. Uliza pia kama riba inaweza kubadilika katikati, na kama kuna adhabu ya kumaliza mapema.

Fedha za malipo ya awali nazo zina mwenyewe. Akizitoa mwenzi wako, zitoke kwenye akaunti yake kwenda kwa muuzaji au benki, zisipitie mfukoni mwako. Hiyo ndiyo risiti ya mchango wake.

Jina kwenye logibuku

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 8, inasema aliyesajiliwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa mkopo wa benki, NTSA, mamlaka ya serikali inayosajili magari, husajili gari kwa jina la mkopaji pamoja na benki, na logibuku hukaa benki mpaka deni liishe. Benki pia huandikisha haki yake kwenye sajili ya dhamana za mali zinazohamishika, chini ya sheria ya 2017, hivyo yeyote atakayetafuta ataona gari lina deni.

Kwako wewe uliyesajiliwa, hii ina uzito. Faini za kamera na za maegesho ya kaunti zinafuata namba ya gari. Mwenzi akimgonga mtu pale Mombasa Road, mshtakiwa kwenye kesi ya fidia atakuwa yeye kama dereva, na wewe kama mwenye gari uliyemruhusu. Likitumika kwenye uhalifu, polisi wataanzia kwako. Kwa hiyo usimkabidhi funguo mtu ambaye hujaiona leseni yake. Ithibitishe kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwamba haijaisha muda na ni ya aina ya gari hilo.

Kwa wanandoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inaingia. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja, mahakama huanza kwa kudhani kwamba anamshikia mwenzake; ikiwa kwa majina yote mawili, hudhaniwa wana haki sawa. Mume akimpa mke kitu kama zawadi, au mke akimpa mume, hudhaniwa ni mali ya aliyepewa moja kwa moja. Dhana hizi zote zinaweza kupinduliwa kwa ushahidi, na ushahidi ni karatasi. Muislamu anaweza kuongozwa na sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa.

Wanaoishi njoo-tuishi, yaani pamoja bila ndoa rasmi, wana haja kubwa zaidi ya maandishi. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema ndoa ya kudhaniwa, inayotokana na kukaa pamoja tu, itambuliwe kwa nadra. Katika kesi hiyo hiyo mali iligawanywa kwa kutazama mchango wa kila mmoja. Maana yake kwa gari lenu: miaka ya kuishi pamoja haikupi haki yenyewe, ila stakabadhi zako zinaweza kukupa. Zitunze.

Jina kwenye bima

Mkopeshaji atataka bima kamili, nayo itamtaja yeye kuwa wa kwanza kulipwa gari likiharibika kabisa au likiibwa. Kwa kiwango cha asilimia 4, gari la KSh 1,250,000 linalipiwa KSh 50,000 kwa mwaka. Tozo za asilimia 0.2 na 0.25 pamoja na stempu ya KSh 40 zinaifikisha KSh 50,265. Benki inaweza kukulipia na kuiongeza kwenye mkopo, lakini hapo unailipia riba. Ukiweza, ilipe mwenyewe.

Fomu ya bima inauliza nani ataendesha na gari litatumika vipi. Jibu ukweli. Ukijiandika wewe kuwa dereva mkuu kwa sababu una miaka 40 na leseni ya zamani, ilhali ataendesha mchumba wako wa miaka 23 aliyepata leseni mwaka jana, kampuni ina sababu ya kukataa madai siku ya ajali. Dereva kijana au mgeni huongezewa kiasi anachojilipia mwenyewe kabla ya bima kulipa. Kijue kiasi hicho sasa. Na kama mwenzi wako anapanga kulisajili gari kwenye programu za teksi hata kwa wikendi tu, bima ya matumizi binafsi haifai kabisa. Inatakiwa ya kubeba abiria kwa malipo. Benki pia ni lazima ijue, kwa kuwa mkataba wa mkopo wa gari la binafsi kwa kawaida hukataza kazi hiyo.

Hatua kwa hatua hadi benki

Anza kwa kuongea na afisa wa mikopo kabla ya kuchagua gari. Uliza benki inakopesha gari la umri gani, kwa asilimia ngapi, kwa miezi mingapi. Magari yaliyotumika hupewa muda mfupi na asilimia ndogo kuliko mapya. Kumbuka Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo gari lililofika juzi tu kutoka Japani linaweza kuwa karibu na ukomo wa umri wa benki kufikia mwisho wa mkopo.

Mwambie afisa waziwazi: “Gari litatumiwa na mke wangu.” Omba liandikwe kwenye fomu. Kujifanya kwamba ni lako la kwendea kazini kunaweza kuhesabiwa udanganyifu kwenye maombi ya mkopo, na kunaipa benki sababu ya kuudai mkopo wote kwa mara moja.

Karatasi zinazoombwa kwa kawaida ni kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi), hati za mshahara za miezi mitatu, taarifa ya benki ya miezi sita, barua ya mwajiri, na ankara ya muuzaji. Kwa mfanyabiashara, ongeza taarifa ya M-Pesa, leseni ya biashara ya kaunti na marejesho ya kodi. Mwenzi mwenye duka asikate tamaa haraka: miezi sita ya mauzo yaliyopitia Till au Paybill (namba za malipo za M-Pesa) ni ushahidi ambao mauzo ya fedha taslimu hayawezi kutoa. Kama hamna haraka, pitisheni mauzo yote huko kwa nusu mwaka, halafu mwombe kwa jina lake.

Kisha gari. Tafuta rekodi yake kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen, uone mwenye gari ni nani na kama lina dhamana ya mkopeshaji mwingine. Linganisha namba ya chasi na ya injini kwenye chuma chenyewe na zilizo kwenye rekodi. Peleka fundi wako mwenyewe. Uthamini hufanywa na mthamini anayekubaliwa na benki, na hapa ndipo mipango mingi huvurugika: yadi inataka 1,250,000, mthamini anaandika 1,100,000. Benki hukopesha kwa thamani ya chini. Asilimia 80 ya 1,100,000 ni KSh 880,000, na pengo la KSh 120,000 ni lenu. Usilipe malipo ya awali yasiyorudishwa kabla ya ripoti hiyo kutoka.

Benki ikikubali, itatoa barua ya masharti. Isome nyumbani, usiisomee kaunta. Tafuta mambo manne: riba inahesabiwaje, adhabu ya kuchelewa ni kiasi gani, gari linaweza kuchukuliwa baada ya nini, na nani anaruhusiwa kuendesha. Malipo yaende kutoka benki moja kwa moja hadi kwa muuzaji, baada ya muuzaji kuanzisha uhamisho wa umiliki.

Mkataba wenu wawili

Hii ndiyo sehemu watu huionea haya. Kuomba sahihi ya mtu unayempenda kunaonekana kama kutomwamini. Lakini karatasi hii inamlinda yeye kama inavyokulinda wewe: bila yake, mwenzi anaweza kulipa miezi 40 kwa uaminifu kisha aambiwe gari halikuwa lake kamwe. Andikeni mapema, mkiwa na furaha, wala msingoje siku ya ugomvi.

Anzeni na kitambulisho cha kila mmoja, namba ya gari na ya chasi, jina la benki, kiasi cha mkopo, rejesho na tarehe ya mwisho. Halafu semeni kwa sentensi moja pesa hizi ni nini. Mfano: “Mkopo huu umechukuliwa kwa jina la A kwa ajili ya B. B ndiye atakayelipa marejesho yote. A hakumpa B gari hili kama zawadi.” Au, kama mnachangia: “A analipa KSh 10,000 na B KSh 18,340 kila mwezi, na gari ni la wote kwa uwiano wa walichochangia, pamoja na malipo ya awali.”

Tarehe ya malipo ndiyo kiini. Kama benki hukata tarehe 5, pesa za mwenzi ziwe zimefika tarehe 1, ili kukiwa na hitilafu kuna siku nne za kuirekebisha. Asilipe taslimu. Atume kwa benki au M-Pesa kwenye akaunti moja tu iliyotengwa kwa mkopo huu, kiasi kile kile kila mwezi. Ukikopa KSh 5,000 kwake ya karo, mrudishie kwa njia nyingine. Msikatane juu kwa juu kwenye rejesho, maana baada ya mwaka hakuna atakayejua nani alilipa nini.

Andikeni nani analipia bima, huduma ya gari, matairi na faini, na kwa faini muweke muda, kwa mfano siku 7. Andikeni kinachotokea akikosa mwezi mmoja: mnaketi, anapewa siku 14 kulipa. Akikosa miwili mfululizo: gari linarudi kwako, unaliegesha, na mnaamua kuuza au la. Funguo ya pili ikae kwako tangu siku ya kwanza, na uweze kuona mahali gari lilipo kupitia kifaa cha kufuatilia, jambo ambalo naye alijue na alikubali kwa maandishi.

Wekeni pia kifungu cha kuachana. Kuna njia tatu zinazotekelezeka: yeye aombe mkopo wake mwenyewe na kuumaliza wako; wewe ubaki na gari na umrudishie kiasi mlichokubaliana; au liuzwe kwa idhini ya benki, deni limalizwe, na kinachobaki kigawanywe. Benki haibadilishi jina la mdaiwa kwa ombi tu. Mwenzi atapimwa upya kana kwamba anaomba mara ya kwanza.

Na kifungu cha kifo. Ukifa wewe, bima ya maisha ya mkopo hulipa salio, lakini gari linaingia kwenye mirathi yako, na mwenzi asiye na ndoa iliyosajiliwa anaweza kulipoteza kwa ndugu zako. Akifa yeye, deni linaendelea kwako. Wosia mfupi unaotaja gari hilo kwa namba huziba sehemu ya pengo hilo.

Tieni sahihi mbele ya wakili, kila mmoja abaki na nakala. Ada ya wakili kwa karatasi hii ni ndogo kuliko rejesho la miezi michache.

Mambo yakianza kuharibika

Dalili ya kwanza huwa pesa kuchelewa kwa siku mbili, kisha tano, kisha kuja nusu. Usilifunike pengo kimya kimya kutoka akiba yako zaidi ya mara moja. Ukilijaza, liandike kwa ujumbe: “Nimeongeza KSh 12,000 ya rejesho la Machi.” Ujumbe huo ni ushahidi baadaye.

Ukiona mwezi ujao haulipiki, nenda benki kabla ya tarehe, siyo baada. Omba muda urefushwe. Kwenye mfano wetu, baada ya miezi 12 umelipa KSh 340,000 lakini salio ni karibu KSh 806,000, kwa kuwa miezi ya mwanzo hubeba riba nyingi. Gari likichukuliwa na madalali na kuuzwa mnadani kwa KSh 700,000, gharama za dalali na maegesho zikila 60,000, bado unadaiwa kama KSh 166,000 na huna gari. Kuliuza mwenyewe kwa idhini ya benki, kwa bei ya sokoni, karibu kila mara kunaokoa zaidi. Kwa mkopo wa benki, Sheria ya Benki, kifungu cha 44A, inaweka mpaka: riba inayoendelea baada ya mkopo kukwama haiwezi kuzidi salio lililokuwapo siku ulipokwama. Kagua hesabu yao.

Mwenzi akikataa kurudisha gari au kulipa, usilichukue kwa fujo usiku, wala usimwite dalali wa mtaani. Wakili amwandikie barua ya madai. Deni lisilozidi KSh 1,000,000 linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyopo pia Milimani. Unaweza kujiwakilisha, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Utaulizwa mambo mawili: mkataba na rekodi ya malipo.

Deni likiisha

Omba barua ya kumaliza mkopo. Hakikisha benki imeondoa jina lake kwenye rekodi ya NTSA na kufuta dhamana yake kwenye sajili. Hayo mawili ni tofauti, na la pili husahaulika mpaka siku mnapotaka kuuza. Baada ya miezi miwili chukua ripoti ya CRB uone mkopo umeandikwa kuwa umelipwa.

Kama gari ni la mwenzi, anzisha uhamisho kwenye eCitizen kwa akaunti yako, yeye aukubali kwa akaunti yake akitumia PIN yake ya KRA, alipe ada, asubiri logibuku mpya. Usimwachie gari likae miaka kwa jina lako kwa sababu mnaelewana. Siku uhamisho unapokamilika, bima ibadilishwe kwa jina lake siku hiyo hiyo, jina la benki liondolewe, na umkabidhi funguo ya pili.